Mahidevran au Hürrem: nani alikuwa na maisha bora kwa Sultani Suleiman?

Wote wawili waliingia nyumba ya sultani wakiwa masuria. Desturi ya Waosmani, ukoo wa Kituruki wa Suleiman uliotawala kutoka Istanbul, ilikuwa wazi: suria akishazaa mwana wa kiume, kazi yake ni kumlea huyo mmoja, kisha kumfuata mkoani akipewa utawala.

Mahidevran aliifuata. Mwaka 1533 alikwenda mkoa wa Manisa na mwanawe Mustafa, baadaye mkoa wa Amasya. Huko yeye ndiye alikuwa mkubwa wa nyumba, mbali na fitina za Istanbul. Lakini kila kitu chake kilining'inia kwa mtu mmoja. Mwaka 1553 Suleiman aliamuru Mustafa anyongwe, na mama akaishia mji wa Bursa katika ufukara, hadi Selim II, mtoto wa Hürrem (ndiyo, wa Hürrem!), alipomsaidia.

Hürrem, aliyetekwa katika nchi ambayo leo ni Ukraine, aliivunja desturi ile. Alizaa wana kadhaa, akaachwa huru, akaolewa kwa ndoa halali, akabaki Istanbul hata wanawe walipotumwa mikoani. Alimwandikia mumewe barua akiwa vitani, akamwandikia pia mfalme wa Poland. Alijenga msikiti na hospitali Istanbul, na jiko la kulisha maskini Yerusalemu. Bei yake? Watu walimwita mchawi.

Mimi ningechagua ya Hürrem, ingawa alifariki 1558, miaka minane kabla Selim hajatawala. Mahidevran aliishi hadi 1581.