Ofisi ya ushauri wa fomu za S1 (sekondari mwaka wa kwanza), Wandegeya, Kampala: nyota tatu tu

Jamani kama una mtoto P7, darasa la mwisho la msingi hapa Uganda, na fomu ya kuchagua shule inakuchanganya, hawa watu kazi wanaijua, siwanyimi haki yao. Kaka wa pale alinifafanulia kwamba PLE, mtihani wa kumaliza msingi, ni masomo manne, kila somo daraja 1 (la juu kabisa) mpaka 9, so agrigeti, yaani jumla ya madaraja, ikiwa 4 ndo kiboko, alafu ukiweka shule ya moto moto ya serikali kama chaguo la pili umeichoma nafasi bure maana inajazwa na walioiweka ya kwanza. Hapo nilifaidika kweli.

Nyota mbili nimekata kwa sababu moja. Nikamuuliza habari ya mtoto wa dada yangu kule Koboko, mbali kaskazini-magharibi, shule ya UPE (msingi bure ya serikali), darasa limefurika, twisheni hamna, huyo akileta agrigeti 10 si kapambana kuliko wangu wa hapa Kampala mwenye 6? Akacheka, ati mama, kwenye uchaguzi wanaangalia namba, ila kuna mlango wa nyuma ukiwa na kitu kidogo. Aaa! Wasichana walipewa pointi 1.5 za nyongeza za kuingia chuo kikuu cha serikali tangu 1990 na mbingu haikuanguka, sa huyu wa kijijini wa S1 kosa lake nini mpaka aambiwe alete bahasha?

Mlango wa nyuma sikuutaka. Fotokopi zao bei juu, piga kopi kwingine kabla hujaingia, na wahi asubuhi.