DNeasy Blood & Tissue kwa mapezi ya samaki wa pwani: seti nzuri, lakini haipigi kelele ikiharibika

Anayetaka kujenga mti wa nasaba wa samaki wa pwani huanza na pezi lililohifadhiwa kwenye ethanoli, na kwa kazi hiyo seti hii ya kampuni ya Qiagen ya kuchimba DNA kwenye tishu inastahili sifa. Hakuna fenoli wala klorofomu, na DNA inayotoka huwa safi vya kutosha kwa PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi. Tatizo ni kwamba uzembe hauonekani papo hapo.

Kikomo ni miligramu 25 za tishu. Kuongeza nyama hakuongezi DNA. Ute na protini huziba utando wa silika unaonasa DNA kwenye kolamu, yaani kijimrija cha kuchujia, na mavuno yanashuka. Kipande cha pezi cha ukubwa wa punje ya mchele kinatosha. Kikaushe kwanza kwenye karatasi, maana ethanoli iliyobaki huidhoofisha proteinezi K, kimeng'enya kinachovunja protini. Kisha kikatekate, weka mikrolita 180 za bafa ATL ya kuyeyushia tishu na 20 za proteinezi K, nyuzi joto 56. Ikiwa ATL imeganda chembe nyeupe kwa baridi, ipashe moto mpaka ziyeyuke. Mapezi magumu ni bora yalale usiku kucha. Utaona ngozi kati ya miale (vijiti vya pezi) imetoweka na miale imebaki mitupu. Iache chini ya mrija, usiivutie kwenye kolamu.

Kinachofuata ni chepesi: mikrolita 200 za bafa AL, ethanoli 200, halafu bafa za kuoshea, AW1 500 na AW2 500. AW1 na AW2 huja bila ethanoli, na asiyeiongeza anaimwaga DNA pamoja na maji ya kuoshea. Mzunguko wa mwisho wa dakika 3 kwenye sentrifuji usifupishwe, kwani ethanoli ikibaki, PCR hukwama. Na taka za AL na AW1 zisikutane na klorini ya kusafishia meza: zina chumvi za guanidini, na mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Kwenye kutoa DNA kutoka kwenye kolamu, mikrolita 200 za bafa AE ni nyingi mno kwa kipande kidogo. Tumia 100, DNA itakuwa imekolea zaidi, ingawa jumla yake itapungua kidogo.

Sasa kinacholaghai watu. Mstari mzuri wa COI, jeni ya mitokondria inayotumiwa kutambua spishi, kwenye jeli, wenye jozi za besi kama 650, si uthibitisho kwamba DNA ni nzima. Seli moja ina nakala nyingi mno za DNA ya mitokondria, hivyo hata sampuli iliyochakaa huitoa COI. Ijaribu na jeni ya kiini kama RAG1; ikikataa, rudia uchimbaji. Ni muhimu kwa nasaba, kwa sababu mitokondria hufuata upande wa mama tu, na spishi zilizochanganya damu zinaweza kukaa mahali pasipo pake kwenye mti wa COI pekee.

Kila kundi la sampuli liwe na mrija mmoja usio na tishu, upitie hatua zote, ili DNA ngeni ikiingia ionekane. Mfuatano wa tasi ukiangukia katikati ya tawi la chewa, shuku mirija kwanza, mageuzi baadaye.

Kwa samaki wa makumbusho waliokaa kwenye formalini, utaratibu huu wa kawaida haufai. Formalini huifunga DNA kwenye protini na kuikatakata, na kuongeza saa za proteinezi K hakurudishi vipande vilivyokwisha kukatika.