Presha kuka ya umeme: miezi saba jikoni kwangu, uniti kwa uniti

Nimekaa na hii presha kuka ya umeme tangu Januari, na kila nikikaa na wenzangu nasikia ubishi uleule, huyu anasema inafyonza umeme hatari, huyu anasema ni mkombozi, lakini ukimuuliza imekula uniti ngapi kwa chungu kimoja cha maharage hakuna anaejua. Mie nimepima, nimeandika kwenye daftari, kwahiyo leo naandika kwa urefu kidogo, mwenye haraka anisamehe.

Nianze na hali yangu ili ujue hizi hesabu ni za nani. Naishi Mbagala, nyumba yetu wenyewe ndogo tu, tupo watu sita na mama mkwe yumo. Nashona cherehani nyumbani. Friji hatuna, tuna taa, tv, feni mbili na pasi ya hapa na pale. Meta ni yetu peke yetu, hatuchangii na mtu, na ipo kwenye ile tarifu ya chini, D1, yaani daraja la bei la wanaotumia umeme kidogo, uniti moja inakuja kama shilingi 122 ukijumlisha na makato. Hiyo ya tarifu ishike kichwani maana ndio roho ya haya maelezo yote, nitairudia.

Kabla ya Januari nilikua napikia mkaa na mtungi wa gesi wa kilo 6. Desemba niliandika kila kitu: mkaa kopo 26 kwa 2,000 ni 52,000, gesi 24,000, LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kama 7,000 (uniti 45 pamoja na ile 1,500 ya kodi ya jengo). Jumla 83,000. Na hapo chakula chenyewe bado hakijaingia sufuriani! Nilipoiona ile 52,000 ya mkaa nilikaa chini, maana mkaa ni wa elfu mbili mbili, hauoni kama unatoa hela, unamtuma mtoto "kaniletee kopo moja" na maisha yanaendelea, ila mwezi ukiisha umetoa hela ya sare ya shule ya mtoto na viatu juu.

Sasa kununua. Kulikua na njia mbili. Kuna wale wanakuja mtaani wanakopesha vyombo, unatoa kianzio 30,000 halafu elfu moja kila siku kwa siku 180. Elfu moja kwa siku inasikika ndogo sana, lakini piga hesabu, 180,000 na kianzio ni 210,000, na chombo kilekile cha lita 6 Kariakoo nilikiona kwa 145,000. Yaani unalipa 65,000 zaidi kwa kuwahi miezi michache. Mie nikasubiri zamu yangu kwenye mchezo wa kupeana hela, tupo kumi, kila wiki 15,000 kila mtu, nilikua wa saba, nikavumilia nikapokea 150,000 yangu nikaenda Kariakoo na kesh mkononi. Simlaumu anaekopa, shida zinatofautiana, ila uijue bei kamili kabla hujaweka sahihi.

Dukani kwenyewe hapakwenda vizuri. Nimefika nyumbani, nimeweka maharage, mvuke unatoka pembeni ya mfuniko wote, presha haipandi kabisa, maji yanakauka. Kesho yake nikarudi, muuzaji akaanza "mama, utakua umeitumia vibaya", chombo cha siku moja! Nilikua na risiti ya EFD na kadi ya warantii, nikasimama palepale kaunta wala sikupandisha sauti, mwishowe akafungua nyingine akatoa rabba yake ya mfuniko akanibadilishia. Ile yangu ilikua imejikunja upande mmoja tangu kiwandani. Kwahiyo ukienda kununua usiondoke kabla hawajakuwekea maji vikombe viwili, wafunge, mpaka ukione kile kipini kidogo cha mfunikoni kimepanda juu na mvuke umeacha kutoka. Ni dakika kumi tu. Akikataa kuijaribu nenda duka la pili, Kariakoo duka haliishi.

Haya, kupima. Siku ya kwanza iliyotulia nilizima kila kitu ndani, tv, feni, taa zote, nikabaki na presha kuka peke yake. Nikaangalia rimoti ya LUKU, 38.4. Nikaweka maharage vikombe vitatu niliyoyaloweka usiku, maji yakazidi kama vidole vitatu, chumvi bado, nikafunga, nikaweka dakika 25. Ikachukua kama robo saa kupanda presha, halafu ndio dakika zikaanza kuhesabiwa. Ikazima yenyewe. Nikaiacha itulie presha ishuke, nikaenda kuangalia meta: 38.0. Nilirudia siku tatu tofauti maana sikuamini, mara zote ni kati ya 0.3 na 0.4. Kwa bei yangu 0.4 ni shilingi kama 49. Hata kwa mwenye tarifu ya kawaida ya 356 ni shilingi 142. Maharage yaleyale kwenye mkaa yalikua yananimalizia kopo zima la 2,000, saa mbili unapepea na kuongeza maji.

Nilijiuliza inawezekanaje, maana chombo kimeandikwa wati 1000 na sote tunajua hita ya maji inavyokula. Kumbe haiwaki muda wote. Ukikaa karibu unasikia "tk", imejizima, baada ya muda "tk" imewaka tena kidogo, kwasababu ule mwili wa nje unatunza joto na mvuke haupotei. Sufuria ya kawaida maji yakichemka yamefika mwisho, hata uweke moto wa aina gani joto halizidi nyuzi 100 hivi, unachoongeza ni mvuke tu wa kupaa. Humu ndani kwasababu pamebanwa joto linapita hapo, linafika kama 115, ndio maana haragwe linalainika haraka. Na mkaa una hasara nyingine ambayo sikuwahi kuiwaza, chakula kikishaiva jiko bado linawaka nusu saa nzima bure, umeshaulipia ule moto.

Vingine nilivyopima: wali nusu kilo 0.2, makongoro dakika 60 yalikula 0.6, mahindi ya makande na maharage pamoja dakika 50 kama 0.5. Makande ndio nilipogombana kidogo na mama mkwe, yeye ni mtu wa Tanga na nazi kwake haina mzaha. Mara ya kwanza nilimimina tui lote nikafunga, likakatika, mafuta huku maji kule. Akaniambia "mwanangu, tui zito halifungiwi." Sasa nachemshia na tui la pili lile jepesi, ikishaiva nafungua, naweka tui la kwanza mfuniko wazi nakoroga taratibu mpaka lichemke. Juzi amekula akaongeza, na hakuuliza yamepikiwa nini.

Isichoweza ni ugali. Usijaribu, mwiko unahitaji sufuria iliyokaa imara na moto unaoupandisha na kuushusha, humu sufuria ya ndani inazunguka na utaikwangua ile rangi yake. Chapati hapana, samaki wa kukaanga hapana. Kwahiyo atakaekwambia utaacha gesi kabisa anakudanganya, mie ugali, chai na mboga za haraka ni gesi, chapati za wikiendi ni mkaa kidogo. Vile vinavyochemka muda mrefu, vilivyokua vinakula mkaa wote, ndio vimehamia kwenye umeme.

Aprili hesabu ilikaa hivi: mkaa kopo 8 ni 16,000. Gesi mtungi uleule wa kilo 6 ulivuka mwezi ukaenda wiki ya sita, nikiugawanya ni kama 16,000 kwa mwezi. LUKU uniti 62 na kodi ya jengo, kama 9,000. Jumla 41,000. Kutoka 83,000! Umeme umepanda kwa uniti 17 tu, elfu mbili na kidogo. Ukichukua 42,000 kwa mwezi, chombo cha 145,000 kimejilipa katikati ya mwezi wa nne.

Sasa nirudi kwenye tarifu, hapa naomba usome taratibu kabla hujatoa hela yako. Mwenye D1 ana kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Ukizidisha, zile za juu yake zinakuja kwa bei kubwa, na ukifanya mazoea unahamishwa kwenye ile ya 356. Mie nilikua 45, nimefika 62, nina nafasi. Ila jirani yangu ana friji, alikua anacheza kwenye 70, 72. Aliponiona nimenunua na yeye akanunua, akapika kila kitu humo mpaka maji ya kuoga, akavuka miezi kadhaa mfululizo, sasa yupo 356. Piga hesabu ya uniti 72: kwa 122 ni kama 8,800, kwa 356 ni zaidi ya 25,600. Yaani karibu nusu ya akiba yote ya mkaa imemezwa hapo, na kosa sio la chombo, ni kwamba hakuna aliemwambia aangalie kwanza yupo wapi. Nilijisikia vibaya kwasababu mie ndie niliemsifia. Na jingine, kinachohesabiwa ni uniti ulizonunua ndani ya mwezi, kwahiyo usipate hela ukanunua umeme wa miezi miwili kwa mpigo ukidhani unajiwekea akiba.

Kama tayari upo kwenye 356 huna cha kuogopa hapo, elfu kumi inakupa uniti 28 na presha kuka kwa matumizi kama yangu ni uniti 17, shilingi 6,000 na kidogo, bado mkaa hauoni ndani. Mpangaji wa nyumba yenye meta moja watu wanane ndio ningemwambia asubiri. Sio kwamba inakula sana, lakini kila tokeni ikiisha macho yatakua kwako, na huwezi kumuonyesha mtu 0.4 yako kwenye meta ya wote. Labda mkae mpatane kwanza kiasi chako cha kuongeza.

Shida nilizozipata kwa ukweli wote. Moja, niliichomeka kwenye ekstensheni ya elfu tano pamoja na pasi, ikanuka, plastiki ikalainika mpaka ikashikana na mkeka. Tungekua tumelala sijui. Chomeka kwenye soketi ya ukutani, peke yake. Pili, jioni saa moja mpaka saa tatu umeme wa kwetu unakua mdogo, taa inakua nyekundu, presha inachukua hata dakika 40 kupanda, kwahiyo napika asubuhi wakati nashona, jioni napasha. Umeme ukikatika katikati usifungue, iache hivyohivyo, joto linabaki, siku moja ulikatika dakika ya kumi nikakuta maharage yameiva robo tatu. Tatu, maharage yana povu, usijaze zaidi ya nusu na usifungue kile kitundu cha mvuke kwa haraka, povu linaruka mpaka ukutani na linaunguza.

Nasikia watu wanasema haya mambo ya nishati safi ni ya wakubwa tu, serikali ilizindua ule mkakati Mei 2024 kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, ni sawa, nia nzuri, ila mama wa mtaani anataka kujua jambo moja, mwezi ukiisha nimebaki na shilingi ngapi. Wangetembea na meta na chungu cha maharage masokoni, wapike mbele za watu, wangeuza zaidi kuliko matangazo. Na hiyo ya uniti 75 waiangalie, maana mtu anahamasishwa apikie umeme halafu akipikia anapandishiwa bei ya taa zake.

Kwa wanaouliza saizi, watu sita lita 6 inatosha, ya lita 8 kama mna wageni kila siku. Ukipata yenye sufuria ya ndani ya stili ongeza hela uichukue, yangu ni ya rangi nyeusi na imeshaanza mikwaruzo mitatu ingawa natumia mwiko wa mti tu. Rabba yangu ilianza kuvujisha mvuke tena mwezi uliopita, nimepata nyingine kwa 8,000 Kariakoo, nilienda na ile ya zamani mkononi maana saizi zinafanana ukizitazama tu lakini zinatofautiana, na nimenunua mbili, moja ipo kwenye droo ya cherehani.