Gari la zamani la kulala safarini kwa familia: lipi la kununua Uganda

Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda imekataza kuingiza gari dogo la abiria lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe. Lijue hilo kabla hujakesha ukitazama picha za minada ya Japani. Kombi nzuri ya mwaka 1997 unayoiona Yokohama haitavuka mpaka wa Malaba kihalali. Gari la zamani unalolitafuta tayari liko hapa nchini: limeegeshwa nyuma ya nyumba Entebbe, liko kwenye yadi ya kampuni ya utalii inayobadilisha magari, au linauzwa na misheni huko magharibi. Magari hayo hayaongezeki. Kila ajali inayapunguza, na wenye nayo wanalijua hilo wanapotaja bei.

Mimi hupima kwa swali moja. Gari likizimika Kitgum siku ya Jumapili, je, kuna fundi pale aliyewahi kuifungua injini hiyo, na spea inaweza kupandishwa basi kutoka Kisekka, soko la spea la Kampala, ifike kesho yake? Nimepanga orodha hii kwanza kwa jibu la swali hilo, kisha kwa nafasi ya watoto, kisha kwa bei. Uzuri wa gari nimeuweka mwisho, na ndiyo maana wapenzi wa Volkswagen hawataipenda.

1. Toyota HiAce Super Custom

Hii ni ile kombi ya watalii yenye paa la kuinuka inayokupita njia ya Mbarara. Ni ndugu wa taxi za viti 14 zinazojaa Old Taxi Park, kwa hiyo fundi wa breki, bearingi au shokapu utampata katika kila mji wenye stendi. Nyingi zina 4WD, yaani magurudumu yote manne yanavuta, na ndani zimetulia kuliko taxi.

Tafuta yenye injini ya 1KZ-TE, dizeli ya lita 3.0 yenye tabo (turbo). Za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuja na 2L-TE ya lita 2.4, na hizo ningeziacha hata kwa bei ya kutupa. Injini zote mbili zina ugonjwa mmoja: joto likizidi, silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, hupasuka. Ile ndogo hupasuka upesi zaidi, kwa sababu inasukuma gari lilelile kwa nguvu chache.

Kwa hiyo ukaguzi wako uanzie kwenye maji. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, kisha uiguse injini chini ya kiti cha mbele uhakikishe ni baridi. Fungua kifuniko cha redieta. Ukiona mafuta yanaelea juu ya maji, mshukuru uondoke. Ukiona maji matupu yenye kutu badala ya kulanti (coolant, maji maalumu ya kupozea injini), jua kwamba gari limekuwa likiongezwa maji njiani, na uulize kwa nini yanapungua. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, utazame kama kuna mapovu yasiyokoma. Kisha wajaze watu wazima wanne, mpande kilima cha Muyenga, hapo Kampala, polepole mara mbili au tatu, huku jicho lako likiwa kwenye geji ya joto. Sindano ikiegemea juu hata kidogo pale Muyenga, barabara ya Kabale kwenda Kisoro itaimaliza. Kama hedi imeshabadilishwa na risiti ipo, mimi nahesabu hiyo kuwa sifa.

La pili ni paa. Mengi yalikatiwa hapahapa Kampala, na fundi anayekata bati hukata pia mbavu zinazolishika bodi. Panda juu uangalie fremu iliyochomelewa kuzunguka tundu: iwe imezunguka pande zote, bila nyufa kwenye kona. Halafu lipeleke gari mahali pa kuoshea, ulipie maji ya presha yamwagwe juu ya paa huku wewe umekaa ndani na milango imefungwa. Mvua za Machi hadi Mei zitakuja kufanya jaribio hilohilo, ila wakati huo godoro litakuwa ndani.

Paa hilo lilitengenezwa kwa ajili ya kusimama na kutazama tembo, hivyo usitarajie kitanda juu. Mtalala chini, na upana wa gari kwa nje ni kama mita 1.7 tu, kwa hiyo mtu mzima hatanyooka kwa upana. Jukwaa la mbao liende kwa urefu, likiwa na masanduku chini yake. Maseremala wa Ndeeba hulitengeneza ukiwapa vipimo vilivyoandikwa. Wazazi wawili na watoto wawili wadogo wanatosha. Fundi atakushauri uvitoe viti vyote vya nyuma ili upate chumba kikubwa. Mkatalie. Watoto wanahitaji viti vilivyofungwa kwenye sakafu kwa bolti za kiwandani na mikanda inayofanya kazi, kwa sababu mchana kutwa mtakuwa njiani na malori ya mafuta.

Gari lililostaafu utalii huwa na mlango wa pembeni uliolegea na vumbi hadi ndani ya taa. Hayo yanatengenezeka. Kilomita za kwenye geji usizitegemee.

2. Mitsubishi Delica

Kama ndoto yako ni mbuga ya Kidepo, hili linapanda hadi namba moja. Delica Space Gear, iliyotengenezwa Japani kuanzia 1994 hadi 2007, ina 4WD ya kweli yenye gia ya chini, na hiyo ndiyo itakutoa kwenye udongo mweusi wa Karamoja baada ya mvua. Injini ya dizeli ya 4M40, lita 2.8, na sehemu nyingi za chini ni zilezile za Pajero ya wakati wake, kwa hiyo dukani ulizia spea za Pajero, utajibiwa haraka. Delica ya zamani zaidi, Star Wagon, ina injini ya 4D56 ya lita 2.5 inayotumia mkanda wa taimingi. Ubadilishe wiki ya kwanza, hata muuzaji akiapa kwamba ni mpya.

Kilichoiangusha hadi namba mbili ni giaboksi ya otomatiki. Nje ya Kampala, anayeielewa vizuri ni wa kutafutwa. Pia ni refu kwenda juu na jembamba, kwa hiyo hema la juu ya paa na majerikeni ya maji vitalifanya liyumbe kwenye kona. Mizigo mizito ikae sakafuni.

3. Toyota TownAce Noah

Familia changa yenye watoto wawili, inayotaka Jinja, Sipi, Ziwa Mburo na Bunyonyi na kurudi kazini Jumatatu, isijisumbue na gari kubwa zaidi ya hili. Injini ya petroli ya 3S-FE, lita 2.0, inajulikana hadi kwa fundi wa chini ya mti. Viti vingi hulala vikawa kitanda bila kumwita seremala. Tumbo lake liko chini, kwa hiyo kwenye murami (barabara isiyo na lami) iliyochimbika utasikia mawe. Angalia mwaka: Noah ya kuanzia 2001 ni gari jingine, linavutwa na magurudumu ya mbele.

4. Land Cruiser ndefu, ile ya mashirika

Injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina tabo wala kompyuta ya kukusumbua, na hakuna wilaya Uganda isiyo na mtu anayeifahamu. Kwa uimara ingekuwa ya kwanza. Lakini nyingi zina mabenchi ya pembeni nyuma, watoto wanakaa ubavu bila mkanda wa maana, na kuweka viti vinavyotazama mbele ni kazi ya fundi mzuri na pesa nzuri. Inakunywa dizeli, na springi zake za majani zitawatapisha watoto kabla hamjafika Hoima. Ukiikuta kwenye mnada wa shirika ikiwa na kitabu cha sevisi, fikiria upya nilichosema.

5. Volkswagen Kombi

Najua, ndiyo picha iliyokuleta hapa. Ile T2 ya 1967 hadi 1979 yenye injini ya kupozwa kwa hewa ni rahisi kuielewa, lakini haina haraka, na kwenye mteremko wenye malori nyuma yako hilo si jambo la kuchekesha. T3 iliyoifuata, ambayo Afrika Kusini iliendelea kuitengeneza hadi 2002, ni pana na nzuri kulala. Injini zake za petroli zinazopozwa kwa maji ziko nyuma na redieta iko mbele, mabomba yakipita chini ya gari zima. Bomba moja likioza, maji yanaisha, na hedi inafuata. Spea utaagiza nje. Inunue kama una gari lingine la kwenda kazini na fundi mwenye subira.

Mazda Bongo Friendee nimeiacha nje ya namba, ingawa ina paa la umeme lililotoka kiwandani na kitanda juu, kitu ambacho hakuna jingine hapa linacho. Dizeli yake ya lita 2.5 inasifika vibaya kwa kupoteza maji kimyakimya hadi injini ife. Mwenye kuitaka kwa dhati afunge kwanza king'ora cha kuonya maji yakipungua.

Utakutana pia na wasafiri wa Ulaya waliofika Entebbe na kuchoka, wanauza gari zima na sufuria zake. Bei huvutia. Gari hilo limeingia kwa carnet, yaani kibali cha muda: ama litoke nchini, ama lilipiwe kodi, na umri wake unaweza kuzuia hilo la pili. Usukani wa kushoto nao utakufanya umtegemee abiria kukwambia kama unaweza kulipita lori. Na likibaki na namba za kigeni, mbuga za UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, hulitoza zaidi sana kuliko gari lenye namba za Uganda. Mweya, ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, ni mahali ambapo viboko huja kula nyasi kambini usiku, kwa hiyo kulala ndani ya bati kunalipa kweli, lakini si kwa gharama hiyo.

Kwenye karatasi, linganisha namba ya chesisi na ya injini na logibuku (kadi ya gari), wewe mwenyewe, kwa tochi. Soma idadi ya viti na rangi. Kwaruza kidogo ndani ya fremu ya mlango: ukikuta nyeupe na miraba ya buluu chini ya rangi mpya, hiyo ilikuwa taxi, na muuzaji akueleze kwa nini hakusema. Uliza kama kuna mkopo, kwa sababu logibuku ikiwa kwa mkopeshaji, muuzaji ana nakala tu. Mkataba uandikwe mbele ya wakili na malipo yapite benki. Sehemu ya mwisho ya pesa ibaki mfukoni mwako hadi jina lako liwe limeingia kwenye usajili, hata mzee wa watu akikuitia mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, aje kukuthibitishia uaminifu wake.