Buccolam: bomba lisilo na sindano kwa mtoto mwenye kifafa
Uzuri wa dawa hii ya midazolamu (kituliza mshtuko wa kifafa), inayotumika Uingereza na kwingineko Ulaya, ni kwamba dozi imeshajazwa tayari. Lebo ya bluu ni miligramu 5, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya 5. Ya zambarau 7.5, miaka 5 hadi kabla ya 10. Mlezi anayetetemeka mikono hapimi kitu.

Mshtuko wa kifafa ukizidi dakika 5, au kama daktari alivyoagiza, vuta shavu, weka ncha kati yake na ufizi, sukuma polepole. Ukiharakisha, mtoto hupaliwa.

Kasoro ni kifuniko. Chekundu kikitoka, kile kidogo kinachopitisha mwanga huweza kubaki kwenye ncha na kudondokea mdomoni. Kitazame kwanza!

Usirudie dozi. Dakika 10 zikipita tangu umpe dawa na hajatulia, au akipumua kwa shida, ita ambulensi. Bomba tupu wakabidhi wahudumu.