Miezi minane na projekta ndogo uani Nkuhungu: inafaa sinema za jua, za usiku hapana

Projekta yenyewe ni ndogo, ya taa ya LED, inaingia kwenye kikapu cha sokoni na nafasi ya mboga inabaki. Tuliinunua Kariakoo mwezi wa tano kwa shilingi 280,000, ikapanda basi kuja Dodoma kwa 10,000 nyingine. Nasema tuliinunua kwa sababu nusu ya hela ni yangu na nusu ni ya Mwalimu, rafiki yangu wa miaka kumi na moja, anayefundisha Historia sekondari. Mimi ni fundi cherehani pale Majengo. Yeye ananiita Fundi, mimi namwita Mwalimu, na urafiki wetu umejengwa na sinema tangu siku ya kwanza alipoleta sketi ipunguzwe akakuta natazama muvi ya Kihindi kwenye simu.

Kabla ya projekta kila mmoja alitazama kivyake. Jioni akitoka kazini alipita bandani kwangu, tukabishana huku napinda suruali za watu. Ubishi ulikuwa mtamu ila ulikuwa na kasoro moja: yeye anazungumzia neno alilolisikia, mimi nazungumzia nguo niliyoiona, na hakuna anayeweza kumwonyesha mwenzake. Kwenye kioo cha simu uso wa mtu ni mdogo kama ukucha. Tulitaka kukaa mbele ya picha moja, mtu akisema "simamisha hapo Mwalimu", isimame.

Nianze na boksi, maana ndipo wengi wanapoumia. Juu limeandikwa 1080p, yaani ukali wa picha, na lumeni 9,000, yaani kiasi cha mwanga. Ukisoma maandishi madogo ya ndani unakuta projekta *inapokea* picha ya 1080p, lakini inachokirusha ni nukta 1280 kwa 720. Hiyo si dhambi, kwa bei hii 720 inatosha, ila uliza "resolusheni halisi ni ngapi" kabla hujatoa hela. Na lumeni, uliza za ANSI, ambazo hupimwa kwa mwanga unaofika kwenye kitambaa. Namba kubwa za maboksi ya bei nafuu hazitokani na kipimo hicho. Muuzaji wetu alipoulizwa alijibu tu kuwa "inawaka sana mama". Kweli inawaka, lakini gizani.

Kitambaa nilishona mwenyewe. Upande wa mbele niliweka marikani nyeupe nzito, nyuma bitana nyeusi ili mwanga usipite ukapotea kwa jirani. Nimepinda pindo pana chini nikapitisha bomba la maji, kwa sababu mwezi wa nane na wa tisa upepo wa Dodoma hauna simile. Bila lile bomba picha inacheza kama tanga. Upana ni mita mbili na robo. Nilijaribu mita tatu, picha ikafifia, nikarudi.

Filamu ya kwanza ilikuwa Sinners ya Ryan Coogler, ya 2025, ambayo kila mtu alikuwa anaizungumzia. Michael B. Jordan anacheza mapacha wawili, Mississippi, mwaka 1932. Mwanzo, mashamba ya pamba na barabara za mchana, tulifurahi sana. Jua lilipozama ndani ya filamu, na sisi tukapotea. Sehemu kubwa ya hadithi ile ni usiku, ndani ya ukumbi wa muziki, na projekta ya bei hii haina weusi, ina kijivu. Tulikuwa tunasikia watu wanakimbia bila kuwaona. Mwalimu alivumilia dakika ishirini akasema, "Fundi, hii tumenunua redio." Iliniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyemshawishi. Tulimalizia kwenye simu.

Wiki iliyofuata akaja na flashi yenye Yeelen ya Souleymane Cissé, ya Mali, ya 1987. Nilikuwa sijawahi kuisikia. Jina lake kwa Kibambara ni "mwanga". Naomba mnielewe, sijaona kitu kama kile kwenye kitambaa nilichokishona kwa mkono wangu. Ardhi nyekundu, nyasi kavu, anga lisilo na wingu, miti michache imesimama mbalimbali. Ukitoka hapa kuelekea Bahi mwezi wa tisa unaiona nchi ile ile. Uani kote kulikuwa na mwanga, hata sura ya Mwalimu niliiona. Kijana Nianankoro anamkimbia baba yake mchawi anayemsaka ili amuue, na kuna mahali mama yake anasimama kwenye maji anajimiminia maziwa kichwani akiomba mwanawe alindwe. Mwalimu alisema "simamisha". Tukakaa kimya mbele ya mama yule, maziwa yamesimama hewani. Kisha akasema bibi yake, Mgogo wa upande wa Chamwino, asingekubali maziwa yamwagwe hivyo isipokuwa kwa jambo zito kuliko kifo. Nikamwambia ndiyo maana anamwaga. Tulizungumza saa nzima juu ya picha moja iliyosimama. Cissé alifariki mwezi wa pili mwaka 2025, na sisi tulimjua mwezi wa sita mwaka huo huo. Nasikitika tulichelewa.

Kuanzia hapo taa ndiyo inayotuchagulia sinema. Tunauliza kwanza: ni ya jua au ya usiku? Ya usiku kila mtu na simu yake, ya jua inakuja uani. Na ukifuata jua unafika kwenye filamu za Afrika Magharibi za zamani, ambazo mtaani kwetu huwezi kukuta mtu anakurushia kwenye flashi hata ukimlipa.

Tuliyoibishania zaidi ni Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, ya Senegal, 1973. Inaanza na ng'ombe. Mtoto amepanda ng'ombe, kundi linakuja, halafu moja kwa moja tuko machinjioni. Mwalimu alikuwa anakula ubuyu akaacha. Baba yake alikuwa mfugaji, na anasema sauti ya ng'ombe anayevutwa kwa kamba haikutoki. Kijana Mory ana pikipiki aliyoifunga fuvu la ng'ombe mbele, pembe zimetanuka kama usukani wa pili. Yeye na mpenzi wake Anta wanatafuta hela kwa njia zisizo halali ili wapande meli kutoka Dakar waende Paris. Wanazipata. Wanafika bandarini. Anta anapanda, Mory anageuka anakimbia.

Mwalimu anasema Mory ni mwoga, amemwacha binti wa watu aende peke yake. Mimi nasema rudi mwanzo, watazame wale ng'ombe. Wote wanakwenda, hakuna anayejua wanapelekwa wapi. Mory ni ng'ombe mmoja aliyegoma mlangoni. Mwalimu akajibu, "Basi angemwambia na mwenzake." Sina jibu la hilo mpaka leo, na nimelifikiria nikiwa kwenye cherehani siku nyingi.

Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, ya Italia, 1948, ni nyeusi na nyeupe lakini karibu yote ni mchana, barabarani Roma, kwa hiyo inaonekana vizuri kuliko muvi nyingi za rangi. Wapenzi wa sinema wanaijua kwa baiskeli iliyoibwa. Mimi nilibaki kwenye mashuka. Baiskeli ya Antonio, baba anayetafuta kazi, iko rehani, na bila baiskeli hakuna kazi ya kubandika matangazo. Mke wake Maria anayavua mashuka kitandani, yakiwemo ya mahari yake, wanayapeleka rehani ili baiskeli itoke. Halafu mfanyakazi wa pale anabeba furushi lao anapanda kwenye rafu, na kamera inatuonyesha rafu zimejaa mashuka ya watu mpaka juu. Mimi nimeshona mashuka ya harusi miaka kumi na sita. Najua mtu anavyoyachagua, anavyorudi mara mbili kuuliza kama pindo limekaa sawa. Nililia, na picha ilikuwa inaangukia juu ya marikani. Antonio aliigizwa na Lamberto Maggiorani, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwandani kweli, na inaonekana kwenye anavyoshika vitu.

Siku hiyo alikuwepo kijana wa bodaboda wa jirani, mwenye pikipiki ya mkataba ambayo bado hajamaliza kuilipa. Antonio alipojaribu na yeye kuiba baiskeli ya mtu, kijana akasimama akasema "hapana kaka, hapana". Kisha akatoka nje ya geti kuangalia pikipiki yake.

Maandishi ya tafsiri yako kwa Kiingereza, kwa hiyo wanangu na majirani wakiwepo Mwalimu anatafsiri kwa sauti, na wenye umri wetu wanamkumbuka Lufufu, aliyekuwa akitafsiri filamu kwa sauti kwa Kiswahili, na kanda zake. Siku akichoka tunaweka Flow, katuni ya 2024 kutoka Latvia, ya paka kwenye mafuriko. Haina neno hata moja la mtu. Ilitengenezwa kwa Blender, programu ya bure, ikapata Oscar, na mwanangu wa pili tangu ajue hilo hanipi amani kuhusu kompyuta.

Za kwetu tumetazama mbili. Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya 2001, ndiyo filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kuwania Oscar, na nikiwauliza wateja wangu hakuna anayeijua. Amandina Lihamba ni Samehe, mwanamke aliyeacha kusema, yuko hospitali ya wagonjwa wa akili. Kimya chake kinajaza kitambaa chote. Inastahili kuonyeshwa shuleni. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, niliipenda mno kwenye simu lakini kwenye projekta vile vyumba vya taa hafifu vya Zanzibar ya miaka ya 1950 vilizama. Msiionee kwa mashine kama hii.

Sasa matatizo. Feni inavuma, kwa hiyo spika yake ya ndani haitoshi. Tumechomeka sabufa na mambo yametulia. Baadhi ya mafaili yanaleta picha bila sauti kwa sababu haisomi aina ile ya sauti, basi unachomeka laptopu kwa waya wa HDMI. Umeme inatumia kama wati 60, ukikatika betri ya sola ya mume wangu inaibeba filamu nzima.

Kubwa ni vumbi. Mwezi wa tisa lilitokea doa la kijivu katikati ya picha, kila mwigizaji akipita hapo anapata kovu. Projekta za bei hii hupoza taa kwa hewa inayopita ndani, na hewa ya Nkuhungu mnaijua. Niliuliza dukani kuhusu waranti ya mwaka mmoja niliyoandikiwa kwenye risiti, nikaambiwa vumbi halimo. Fundi wa simu hapa Majengo aliifungua, akapuliza, akafuta kwa brashi laini, shilingi 15,000. Tangu hapo nimeishonea mfuko wenye zipu na haikai nje ikiwa imezimwa. Kama unaishi Dodoma na una uwezo wa kuongeza hela, tafuta ambayo njia ya mwanga imezibwa vumbi lisiingie, halafu ndiyo uangalie ukubwa wa lumeni.

Kwa hela ile ile ningeinunua tena. Nyota nne, ile ya tano imekwenda na vumbi na usiku wa Mississippi.

Mvua zimeanza, tumehamia sebuleni. Jumamosi tunairudia Touki Bouki kwa ombi la kijana wa bodaboda, ambaye amesikia kuna pikipiki yenye pembe. Ameomba tuanze saa tatu, amalize kwanza abiria wa treni ya SGR. Mwalimu amekubali, kwa sharti kwamba tukifika pale bandarini yeye ndiye atakayeshika rimoti.