Ununue nini ili tairi za nyuma za Camaro, Nova au Mustang ziache kudunda

Mwenye Camaro ya 1967 yenye V8 kali anaujua mshindo ule. Ukiachia klachi ghafla, tairi za nyuma zinadunda kwenye lami, sakafu inagongwa du-du-du, na gari halisogei la maana. Mwaka ule springi zake za nyuma zilikuwa za bapa moja tu kila upande. Mwaka 1968 Chevrolet wakahamisha shokapu, moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, na modeli zenye injini kali zikapewa springi za mabapa kadhaa. Ilipunguza tatizo, haikulimaliza.

Magari haya, pamoja na Nova, Mustang, Dodge Dart na Plymouth Barracuda za miaka hiyo, ekseli yake ya nyuma imeshikwa na springi za mabapa peke yake, kama pikapu. Springi hiyohiyo ibebe uzito, iiongoze ekseli, na bado iizuie difu, lile boga la gia katikati ya ekseli, isizunguke. Injini inaposukuma tairi mbele, difu inataka kuzunguka kinyume, pua yake ikipanda kuelekea sakafuni. Nusu ya mbele ya springi inajikunja kama herufi S, inafika mwisho, inajirudisha kwa kishindo, inajikunja tena. Krosi za propela, ile shafti inayoleta nguvu kwenye difu, huwa hazidumu kwa mchezo huo. Kwa hiyo kila kifaa unachouziwa kiulizie jambo moja: kinaizuiaje hiyo nusu ya mbele?

Kabla ya kutoa hela, ingia chini na tochi. Tazama bushi ya jicho la mbele la springi. Mpira ukiwa umepasuka na boliti imehamia upande, hakuna fimbo ya kuizuia springi, kama hizi za hapa chini, itakayokusaidia. Unga wa kutu kati ya mabapa, au mkwaruzo unaong'aa pale ekseli inapokalia springi, maana yake yubolti, zile boliti za umbo la U zinazoifunga ekseli kwenye springi, zimelegea na ekseli inatembea. Na kama aliyekuuzia alichomeka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli ili gari likae chini, vitoe. Vinaiweka ekseli mbali zaidi na springi, na springi inajikunja kirahisi zaidi.

1. Fimbo za CalTracs, za Calvert Racing. Hizi ndizo ningemshauri mtu mwenye Camaro, Nova au Mustang ya barabarani anayeingia mashindano ya mbio fupi siku mojamoja. Fimbo inaanzia chini ya ekseli, inakwenda mbele hadi kwenye kipande cha pembetatu kinachozunguka kwenye boliti ya jicho la springi. Difu ikitaka kuzunguka, fimbo inasukumwa mbele, pembetatu inageuka na kuikandamiza springi kutoka juu. Yaani nguvu ileile iliyokuwa inaikunja springi sasa inatumika kuikandamiza tairi chini. Zinafungwa kwa boliti, huchomelei kitu. Ukiendesha kawaida, ziache bila mkazo. Siku ya mashindano kaza robo mzunguko, jaribu, kaza tena. Bei yake iko juu ya fimbo za kawaida, na viungo vyake vya chuma hupiga kelele kidogo kwenye mashimo. Mimi ningevumilia.

2. Springi za Super Stock na mpira wa difu, kwa Dodge na Plymouth tu. Chrysler, waliotengeneza Dodge na Plymouth, waliiweka ekseli karibu na jicho la mbele, hivyo nusu ya mbele ya springi ni fupi na ngumu tangu kiwandani. Ongeza mpira mrefu juu ya pua ya difu, unaogonga sakafu kabla pua haijapanda sana, na kwa hela kidogo umefika mbali. Springi za Super Stock za kulia na kushoto hazifanani, kwa sababu msukumo wa injini huipunguzia tairi ya kulia uzito. Usizibadilishe pande. Gari litainuka nyuma na safari itakuwa ngumu.

3. Fimbo za kugonga. Ndizo za bei nafuu, za tangu enzi za baba zetu: fimbo nene chini ya springi, mpira mbele. Zinafanya kazi kwa sharti moja, mpira ugonge chini ya jicho la springi penyewe. Zile zinazouzwa kwamba zinaingia gari lolote mara nyingi ni fupi. Mpira unagonga katikati ya bapa na kulipinda. Pima kwanza. Zinaning'inia chini pia, kwa hiyo kila tuta utalisalimia.

4. Fimbo za juu za Traction Master. Shelby GT350 ya 1965, Mustang iliyoongezewa ukali na Shelby, ilikuwa nazo. Sakafu inakatwa, vishikio vinachomelewa, na kwa kuwa fimbo na springi hazifuati njia moja zikipanda na kushuka, zinabishana. Ni za anayetaka gari lifanane na la 1965.

5. Fimbo za ngazi. Zina umbo la ngazi, na ni za uwanja wa mbio tu. Zinaibana ekseli kiasi kwamba kwenye kona upande mmoja hauwezi kupanda bila kuusumbua mwingine, na bila vikalio vinavyoiruhusu ekseli kuteleza juu ya springi, kila kitu kinakwama.

Ukiwa na gari Dar es Salaam au Mombasa, agiza fimbo, usiagize springi. Uzito wake utakuumiza kwenye nauli ya ndege. Fundi wa springi za malori anaweza kukuongezea nusu bapa upande wa mbele.

Baada ya kufunga fimbo za nafasi ya kwanza, shusha pua ya difu nyuzi 2 au 3 chini ya mstari wa propela, gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Kisha endesha kidogo, rudi, na ukaze yubolti upya.